Kompyuta ya kawaida ya nyumbani kucheza gemu bila kukwama: usianze na kadi ya grafiki (uzi mrefu)

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Mtu akitaka kucheza gemu kwenye kompyuta ya nyumbani, swali lake la kwanza huwa "ninunue kadi gani?", yaani kadi ya grafiki, ile inayochora picha. Ukimuuliza mashine ina nini ndani, anakujibu "ni Core i5", kisha kimya. Core i5 ni jina la familia ya prosesa za Intel. Core i5-650 ya mwaka 2010 ina viini viwili (viini ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba). Core i5-10400 ya mwaka 2020 ina viini sita. Zote zimebandikwa kibandiko cha i5. Huwezi kumshauri mtu kadi kwa jibu la namna hiyo, na muuzaji anayekushauri bila kukuuliza zaidi anataka tu kuuza.

Msimamo wangu ni huu: kabla hujatoa hela, jua ni kitu gani kinachoizuia mashine yako. Kuna watu wanafunga kadi nzuri halafu gemu inaendelea kustaki vilevile, kwa sababu tatizo lilikuwa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine).

Tuelewane kwanza "gemu kwenda laini" maana yake nini. Wengi wanaangalia FPS (idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde) peke yake. FPS 60 maana yake kila fremu inatakiwa kuwa tayari ndani ya milisekunde 16.7. Sasa mashine inaweza kukupa wastani wa 70, lakini kila baada ya muda fremu moja ikachukua milisekunde 100. Kwenye wastani hutaiona. Machoni utaiona, na ni palepale unapopigwa risasi. Ni kama mpiga ngoma: hata awe na kasi kiasi gani, akipoteza mdundo mara moja wachezaji wote wanajua. Kwa hiyo namba ya kuangalia zaidi ni ile inayoitwa 1% low, yaani FPS unayoipata kwenye zile fremu mbovu kabisa. Gemu yenye wastani wa 50 na 1% low ya 44 inachezeka vizuri kuliko yenye wastani wa 80 na 1% low ya 22.

Kupima

Pakua programu za kupimia, MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, zote ni za bure. Washa maandishi ya pembeni ya skrini: matumizi ya kadi, matumizi ya kila kiini cha prosesa, RAM, joto na muda wa fremu. Cheza nusu saa sehemu nzito ya gemu, sio kwenye menyu.

Kadi ikiwa inasoma asilimia 97 hadi 99 muda wote, kadi ndiyo imefika mwisho, na hapo kununua nyingine kuna maana. Kadi ikiwa inasoma 55 au 60 huku FPS ziko chini na hujaziwekea kikomo, basi kadi inasubiri kazi kutoka kwingine. Angalia viini kimoja kimoja. Usidanganywe na jumla ya prosesa: jumla inaweza kusoma 40 huku kiini kimoja kimebanwa kwenye 100, kwa kuwa gemu nyingi huegemeza kazi kubwa kwenye kiini kimoja au viwili.

RAM ya GB 8 ikiwa imejaa mpaka 7.6 na taa ya diski haizimi, Windows imeanza kutumia diski kama RAM. Hapo kukwama lazima.

Kama hutaki kufunga programu yoyote, kuna jaribio rahisi sana. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Umetoka pikseli 2,073,600 hadi 921,600, chini ya nusu. FPS zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa inalemewa. Zikibaki palepale, kadi haina kosa, angalia prosesa na RAM. Mimi jaribio hili naliamini kuliko ushauri wa mtu yeyote ambaye hajaiona mashine yako.

RAM, na hasa kijiti cha pili

Kompyuta nyingi za nyumbani zinakuja na kijiti kimoja cha RAM. Hapa ndipo watu wanapoteza nguvu ambayo tayari wameilipia. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR3 ya 1600 kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Viwili vikikaa kwenye njia mbili, zinakuwa 25.6. Kwa DDR4 ya 3200 unatoka 25.6 hadi 51.2. Kama unatumia grafiki iliyo ndani ya prosesa, hii ni habari kubwa, kwa sababu grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ileile ya mashine. Ukiongeza kijiti cha pili unaona tofauti siku hiyohiyo.

Vijiti havikai popote. Mazabodi (bodi mama) yenye sloti nne, mara nyingi jozi ni ya 2 na ya 4 ukihesabu kuanzia upande wa prosesa, ila kwenye mashine nyingi za ofisini ni 1 na 2. Sloti za jozi huwa na rangi moja, au mchoro uko kwenye kifuniko kwa ndani. Ukishaweka, fungua programu ya CPU-Z, nenda ukurasa wa Memory uone kama pameandikwa Dual. Pakisema Single, zima, hamisha. Halafu kama mazabodi yako ina XMP (setingi ya kuifanya RAM ikimbie kasi yake kamili), iwashe kwenye BIOS, yaani menyu ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Bila hivyo RAM ya 3200 inaweza kukimbia 2133 au 2400 miaka yote, na hakuna kitakachokuambia.

Kwa leo lenga GB 16. GB 8 zinatosha gemu za zamani na nyingi za mashindano, ila ufunge kivinjari kwanza.

SSD

SSD (diski isiyozunguka) haipandishi wastani wa FPS. Inachofanya ni kuondoa zile ganda-ganda unapokimbia kwa gari kwenye ramani kubwa na gemu inaita majengo mapya. Diski ya kuzunguka inapoteza milisekunde kumi na kitu kufika tu kwenye data, na fremu yako nzima ina 16.7. Ya SATA yenye kasi ya MB 550 hivi kwa sekunde inatosha. Tofauti na NVMe (SSD za kasi zaidi) kwenye gemu nyingi ni ndogo, usijinyime kadi kwa ajili yake.

Vumbi na joto nitasema kwa ufupi: safisha, badilisha pasta ya prosesa kama imekauka. Prosesa ya Intel ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe, na utaona gemu inaanza vizuri kisha baada ya dakika kumi inaharibika. Ukiona mtindo huo, ni joto.

Pawa saplai, kabla ya kadi

Hapa naomba msome polepole, maana hapa ndipo vitu vinapoungua.

Sloti ya kadi kwenye mazabodi inatoa hadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Mashine za ofisini kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk mara nyingi zina pawa saplai ya wati 200 na kitu na hazina waya wa kadi kabisa. Usisome tu namba kubwa ya wati. Angalia kwenye lebo mstari wa volti 12: ukisema ampea 16, zidisha kwa 12, una wati 192 ambazo prosesa, feni na kadi vinagawana.

Zile adapta zinazotoa umeme kwenye waya wa SATA kwenda pini 6 au 8, achana nazo. Kiunganishi cha SATA kimetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kadi ikiomba 150 kupitia hapo, plastiki inayeyuka. Na kubadilisha pawa saplai kwenye mashine hizi sio rahisi kila mara: OptiPlex nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, kwa hiyo hakikisha umepata waya wa kubadilishia unaoendana na modeli yako kabla ya kununua.

Sasa kadi

Kwa mashine isiyo na waya wa kadi, unatafuta zinazokula wati 75 kushuka chini. GTX 1050 Ti ya 2016 yenye GB 4 bado inasukuma gemu nyingi za zamani. GTX 1650 ya 2019 ina nguvu zaidi, ila kuna matoleo yake yanayotaka pini 6, angalia picha ya kadi yenyewe. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, inakula wati 70 na ndiyo ningechagua ikipatikana. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ile ni wati 130 na inataka waya.

RX 6400 ni ya kuifikiria mara mbili kwenye mashine ya zamani. Inatumia njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), na imetengenezwa kwa PCIe 4.0. Ukiiweka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, kasi ya njia inakatika nusu, na ina GB 4 tu, kwa hiyo kumbukumbu yake ikijaa inabidi ipite kwenye njia hiyohiyo nyembamba. Utaona staki. Kadi za Intel Arc nazo zinahitaji Resizable BAR (setingi inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi) ili zifanye kazi inavyotakiwa, na mazabodi nyingi za zamani hazina.

Ukinunua kadi iliyotumika, ifungue kwenye programu ya GPU-Z kabla ya kulipa. Kuna kadi za kale sana zilizobadilishwa programu zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. GPU-Z huzigundua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina.

Karibuni kwa maswali. Ukiuliza, taja prosesa kwa namba yake kamili, RAM na modeli ya mashine.

#2 Mchangiaji

Mkuu uzi umeshiba. Mimi nina ile mashine nyembamba ya ofisini, ya kulaza. i5-6500, RAM 8 kijiti kimoja. GTX 1650 itaingia?

#3 Mleta mada

Karibu mkuu. Itaingia ikiwa ni toleo la low profile, lile fupi kwa kimo. Hakikisha kwenye boksi kuna bamba fupi la nyuma, bila hilo kifuniko hakifungi. Halafu pima kwa rula nafasi kati ya sloti ndefu na pawa saplai. Kwenye baadhi ya mashine hizo sloti ndefu iko pembeni kabisa mwa pawa saplai, na kadi yenye feni mbili ambayo unene wake ni sloti mbili haina pa kukaa. Ikibana hivyo, tafuta ya unene wa sloti moja.

Ila kwako ningeanza na kijiti cha pili cha GB 8. Angalia kama mazabodi yako inachukua DDR4 au DDR3L, maana i5-6500 inakubali zote mbili kutegemea mazabodi.

#4 Mchangiaji

Napinga kidogo mleta mada. Umeiweka prosesa kama kitu cha mwisho, hata kichwa cha habari hukuipa. Sisi tunaocheza Counter-Strike 2 na Valorant prosesa ndiyo kila kitu. Kadi yangu haifiki hata 60%.

#5 Mleta mada

Uko sahihi kwa gemu hizo mkuu, na vipimo vyako vyenyewe vinaonyesha. Gemu za mashindano watu wanacheza setingi za chini wakitafuta FPS 144 na zaidi. Kwa 144 kila fremu ina milisekunde 6.9 tu, prosesa ndiyo inayokimbizwa. Nimeichelewesha kwa sababu ndiyo yenye mitego mingi ya kuoana.

Mwenye i5-4570 anaweza kupandisha hadi i7-4770 kwenye mazabodi ileile. Viini ni vinne pande zote, lakini i7 inaendesha nyuzi (mikondo ya kazi kwa wakati mmoja) nane badala ya nne, na 1% low hunufaika kuliko wastani. Mwenye Intel ya kizazi cha 6 au 7 awe macho: kizazi cha 8 na 9 zinatumia soketi (mahali prosesa inapokaa) inayoitwa pia 1151 na prosesa inakaa vizuri kabisa, lakini haiwaki kwenye mazabodi za zamani. Mwenye soketi ya AM4 ya AMD ndiye mwenye bahati kuliko wote. Mazabodi nyingi za AM4 za tangu 2017 zinakubali hadi Ryzen 7 5800X3D ya 2022, ilimradi mtengenezaji ametoa BIOS yake. BIOS unaiweka ukiwa bado na prosesa ya zamani, na hakikisha umeme hautakatika katikati.

#6 Mchangiaji

Wakuu msaada. Kadi nimefunga, imewaka, feni zinazunguka, ila FPS ni zilezile za mwanzo kabisa. Nahisi nimeuziwa kitu kibovu.

#7 Mchangiaji

Waya wa skrini umechomeka wapi? Kwenye kadi au pale pa zamani pa mazabodi?

#8 Mchangiaji

Duh. Pa zamani. Nimehamishia kwenye kadi, gemu imefunguka nyingine kabisa. Asante sana mkuu.

#9 Mleta mada

Asante #7. Na kama ulikuwa na kadi ya kampuni nyingine kabla, ondoa draiva za zamani kwa DDU (programu ya kufuta draiva) ukiwa kwenye Safe Mode, kisha weka mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji.

#10 Mchangiaji

Nimepima ulivyosema. i5-4570, GTX 1050 Ti, RAM GB 16 Dual, SSD. GTA V. Mjini katikati nasoma kadi 62, viini viwili vinagonga 100, FPS 48 zinaruka ruka. Nikitoka nje ya mji kadi inapanda 98, FPS 70. Nifanye nini bila kununua kitu?

#11 Mleta mada

Vipimo safi kabisa mkuu. Mashine yako ina vizuizi viwili tofauti: mjini prosesa, porini kadi. Wengi wangeona 70 za porini wakadhani mambo shwari.

Cha mjini: kwenye setingi za gemu shusha Population Density. Hiyo ni idadi ya watu na magari, kila mmoja prosesa inamfikiria mwendo wake. Zima Extended Distance Scaling kwenye ukurasa wa Advanced Graphics, kisha rudisha Distance Scaling nyuma kidogo kidogo. Kushusha ukubwa wa picha hakutakusaidia mjini, kadi ina nafasi tele.

Cha porini: Grass Quality iweke Normal, MSAA (ulainishaji mzito wa kingo za picha) zima utumie FXAA, iliyo nyepesi. Vivuli navyo shusha hatua moja. Textures ziache High kama kumbukumbu ya kadi inatosha, maana hazigusi FPS sana mpaka GB 4 zijae.

Halafu weka kikomo kwa RivaTuner. Hapa ndipo ulaini unapopatikana. Ukiiacha mashine iruke kati ya 48 na 70, jicho linachoka. Anza na 50 baada ya kushusha hizo za mjini. Grafu ya muda wa fremu ikiwa mstari ulionyooka kwenye milisekunde 20, baki hapo. Ikiwa bado na miiba, shuka hadi 45. Ukiwa na skrini ya FreeSync (inayobadilisha kasi yake kufuata FPS) inayokubaliana na kadi yako na inayoweza kushuka hadi 45 Hz, hata 45 itaenda laini. Kwa skrini ya kawaida ya 60 Hz, utaona kutetereka kidogo kwa 45 na 50, na hapo wengine hupenda 60 kamili kwa setingi za chini zaidi. Jaribu zote mbili.

Kwa gemu mpya zenye FSR (teknolojia ya AMD ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza), itumie. AMD waliitoa mwaka 2021, na matoleo yake ya 1 hadi 3 yanakubali hata kadi za Nvidia zisizo RTX kama yako. DLSS, ya kwao Nvidia, wewe hupati, ile ni ya RTX. Anza na Quality. Kwenye 1080p, Performance inafanya picha iwe ya ukungu mno. Na kumbuka FSR ya kukuza picha inaipunguzia mzigo kadi, haiisaidii prosesa.

#12 Mchangiaji

Na sisi wa laptopu?

#13 Mleta mada

Kwa laptopu za kawaida kadi haibadiliki, imeshonewa humo. Unachoweza ni RAM, kama kuna sloti, na SSD. Laptopu yenye grafiki ya ndani na kijiti kimoja inafaidika sana na kijiti cha pili. Cheza ukiwa umechomeka chaja, maana kwenye betri mashine inabana umeme na FPS zinaanguka. Inyanyue nyuma ili feni zivute hewa, na usiweke juu ya godoro. Wenye laptopu weka kikomo cha FPS hata kama mashine inaweza zaidi, joto linashuka na kasi inabaki palepale saa nzima.

#14 Mchangiaji

Swali la mwisho mkuu. Nina i7-4770 na Windows 10. Nasikia Windows 10 imekwisha, nihamie 11 kwa ajili ya gemu?

#15 Mleta mada

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Yako ni ya 4. Watu wanailazimisha na inaingia, lakini Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa BIOS wakati mashine inawaka), kwa hiyo mtu anaweza kuhama kwa nguvu akajikuta gemu haifunguki. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, soma chini kulia pa Specification Version. Ikiwa 1.2 au haipo na unacheza Valorant, usihame. Kama unacheza gemu za peke yako tu, FPS hazitabadilika za maana kati ya 10 na 11, kwa hiyo unachoamua hapo ni usalama wa mashine yako mtandaoni. Kama benki na barua pepe zako ziko kwenye mashine hiyohiyo, ningeanza kuweka akiba ya mazabodi, prosesa na RAM mpya. Kadi yako na SSD utahamia nazo.